Matundu Manne

Mwezi wa sita nilipewa kazi ambayo sikuiomba. Vijana wa nyumbani, Kibakwe, walikuwa wamechanga shilingi 620,000 za kununulia miksa, na kwenye kundi letu la WhatsApp wakakubaliana kwamba kwa kuwa mimi niko chuo, nitajua ipi inafaa. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Sijawahi kukaa nyuma ya mitambo hata siku moja. Lakini nyumbani mtu aliyesoma hutumwa kila kitu, kuanzia fomu za mkopo mpaka dawa ya kuku, kwa hiyo nikajibu, "Sawa, nitaangalia."

Mahitaji yao yalieleweka. Wana kinanda kimoja, gitaa lenye kiamplifaya chake, spika moja kubwa, na jenereta ya kuazima. Kibakwe iko kusini mwa mji wa Mpwapwa, upande wa milima ya Rubeho, na mialiko ya harusi na ubarikio hutoka vijiji vya pande zote, vingine huwezi kuvifikia kwa gari wakati wa masika. Miksa ya kanisani ina chaneli 16 na haitoki kanisani. Walitaka ndogo, ya kuingia kwenye begi la mgongoni na kupanda bodaboda.

Sharti la pili lilitoka kwa bibi yangu, mama yake mama. Alisikia habari hizo kwa binamu zangu, akaazima simu, akanitumia ujumbe wa sauti. Bibi huniita mke mwenza, kwa utani ule wa bibi na mjukuu wa kike. "Mke mwenzangu," alisema, "nasikia unanunua mashine ya sauti. Safari hii na sisi wa nyuma tusikike."

Nilijua anasema nini. Kabatini kwake kuna kaseti ya mwaka 1997, iliyorekodiwa mjini na kikundi chake cha akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Nyimbo ni sita. Sauti ya kiongozi iko mbele kabisa, imewekewa eko mpaka inajirudia kama mtu anayeimba kisimani. Kinanda ambacho hakikuwepo kikundini kimeongezwa na fundi wa studio. Ngoma zinasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Waitikiaji, ambao walikuwa sita, wamekuwa upepo. Bibi alikuwa mmoja wao. Yeye hushika sauti ya chini, ile ambayo wenzake huisikiliza ili wasipotee. Tulipokuwa watoto mama alituwekea kaseti ile akituambia, "Msikilizeni bibi yenu." Tulisikiliza. Hatukumsikia hata mara moja.

Nikaanza kutafuta miksa kwa kusoma bei, na baada ya siku mbili nikajikuta nimehamia kusoma historia. Bibi hakuwa ameuliza juu ya chaneli wala volti. Aliuliza nani anaamua sauti ipi ifike kwa msikilizaji, na swali hilo ni la zamani kuliko miksa.

*

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri katika maeneo ya ndani ya Lindi akiwa na fonografu na mitungi ya nta. Mashine ile haikuwa na maiki wala umeme. Sauti iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo, na sindano ikachora mtaro mwembamba kwenye nta inayozunguka. Haikuwa na swichi ya kupandisha huyu wala kushusha yule. Aliyesimama karibu na pembe alisikika, aliyesimama mbali alipotea. Aliyepanga watu mbele ya pembe ndiye aliyekuwa anachanganya sauti, na kifaa chake kilikuwa umbali.

Hali haikuwa tofauti sana katika studio za Ulaya na Marekani. Mwezi wa nne mwaka 1923, mjini Richmond katika jimbo la Indiana, bendi ya King Oliver iliingia kurekodi kwenye studio ya kampuni ya Gennett. Ndani yake alikuwemo kijana mpiga kornet wa pili aliyeitwa Louis Armstrong. Mpiga piano wa bendi hiyo, Lil Hardin, ambaye baadaye waliona, alisimulia kwamba sauti ya Armstrong ilikuwa na nguvu mno ikawameza wenzake, hivyo akasogezwa nyuma, mbali kabisa na kundi. Huwa namfikiria kijana yule peke yake kwenye kona, akiadhibiwa kwa kuwa na pafu zuri.

Kuanzia mwaka 1925 santuri zilianza kurekodiwa kwa maiki na umeme. Hapo ndipo ikawezekana kutega maiki zaidi ya moja na kuamua kwa mkono kila moja iingie kwa kiasi gani. Umbali ukageuka kuwa swichi. Kazi iliyofanywa kwa miguu ya wanamuziki ikahamia kwenye vidole vya mtu mmoja aliyekaa kwenye meza, mara nyingi katika chumba kingine, nyuma ya kioo.

*

Kwetu, mkono uliofika kwanza ukiwa na maiki bora ulikuwa wa Hugh Tracey. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, akaishia kutumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika. Mwaka 1950 alizunguka Tanganyika na gari la vifaa, na miongoni mwa waliorekodiwa katika safari ile ni Wagogo. Miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo leo iko mji wa Makhanda, Afrika Kusini.

Tracey hakutega maiki kwenye stendi akaondoka. Aliishika mkononi. Alisogea nayo katikati ya wanamuziki, akaikaribisha kwa mwimbaji anapoanza, akaishusha kwenye ala wimbo unapotulia, akarudi kwa waitikiaji wanapopokea. Rekodi zilikuwa za mono, njia moja tu ya sauti, kwa hiyo alichokiacha wakati ule hakikuweza kurudishwa baadaye. Aliingilia pia muda. Santuri za enzi zile zilibeba dakika kama tatu kila upande, wakati wimbo wa ngoma unaweza kwenda mpaka wachezaji wachoke.

Tunaweza kumlaumu, na wapo wanaomlaumu: mtu wa nje, katika nchi iliyotawaliwa, anaamua sekunde kwa sekunde nini cha muziki wetu kitabaki. Lawama hiyo ina haki. Lakini nikisikiliza rekodi za safari ile nasikia pia kwamba mtu yule alilazimika kuwasikiliza wote ili ajue aende wapi. Hakuwa nyuma ya kioo. Alikuwa ndani ya duara, akipigwa vumbi.

Na muziki wa Kigogo humwadhibu anayesikiliza sauti moja tu. Sauti zake hupangwa kwa tabaka: anaanza mmoja, wengine wanapokea juu na chini yake, na utamu uko kwenye mwachano kati yao, si kwenye sauti ya mtu mmoja. Ukimwondoa mwenye sauti ya chini, kinachobaki kinafanana na nyumba iliyong'olewa nguzo moja. Inasimama, lakini unaona imeinama.

Chukua ilimba, ala ile ya kisanduku yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Ilimba kubwa ina vyuma vingi, na baadhi yake mpigaji havigusi kabisa. Hutetema vyenyewe vyuma vingine vikipigwa, na mtetemo huo hunenepesha sauti nzima. Kisha mtengenezaji hutoboa tundu kwenye kisanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, ili kila mlio utoke na mvumo kama wa nyuki. Mpe fundi mitambo asiyejua ala hii. Atadhani waya umelegea. Atazungusha swichi zake mpaka mvumo ufe, aridhike kwamba amesafisha sauti, kumbe amefuta kitu ambacho mtu alikihangaikia porini kukitafuta.

Muheme nao una hesabu yake. Wanawake hubana ngoma katikati ya mapaja, wamesimama, na kila mmoja anajua mahali pake kwenye mstari. Mwenye ngoma kubwa hasimami popote tu. Mwenye sauti nyembamba hawekwi pembeni ya mwenye sauti nzito kama atamezwa. Bibi alipokuwa akinieleza mpangilio huu nilichora kwenye daftari, nikaona ni kitu kilekile: pembe ya Weule, kona ya Armstrong, mkono wa Tracey. Wanawake wa Kibakwe walikuwa wanachanganya sauti kwa umbali, na wao hawakuihitaji mashine iwakubalie.

*

Baada ya uhuru serikali ilitaka muziki huu uwe wa taifa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika miaka hiyo ya 1960 kijana wa Kigogo kutoka kijiji cha Doma, Hukwe Zawose, aliitwa Dar es Salaam kujiunga na vikundi vya sanaa vya taifa. Baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa. Ndiye aliyeibeba ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Mwaka 1996 albamu yake *Chibite* ilitolewa na Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel nchini Uingereza, na mwaka 2002 ikafuata *Assembly*, aliyoifanya pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Zawose alifariki mwishoni mwa mwaka 2003.

Ninazitaja albamu hizo mbili kwa sababu zinafundisha kuhusu miksa kuliko kijitabu chochote cha maelekezo. Katika ya kwanza unasikia watu na ala zao, na nafasi kati yao. Katika ya pili ilimba na sauti ya Zawose zimekaa pamoja na magitaa na midundo ya studio. Wapo wanaoipenda ya kwanza tu. Mimi nazipenda zote mbili, na ninachojifunza ni kwamba kila mara mtu alikaa akaamua, na kwamba Zawose alikuwepo chumbani. Aliyerekodiwa anapokuwepo chumbani, mambo hubadilika.

Huku nyumbani wengi hawakuwa na chumba cha kuingia. Kwa muda mrefu mlango mkubwa ulikuwa mmoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio zikapiga kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, na nyimbo zikatunzwa kwenye kanda za redio. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo binafsi, Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994, na katika miaka hiyo studio ndogo za kaseti zikaota mijini. Kwaya ya kijijini ikaweza kuuza kaseti yake stendi. Kaseti ya bibi ni mtoto wa uhuru huo. Bila studio zile kikundi chao kisingerekodiwa kabisa, na nikisema fundi alikosea nataka kusema hilo pia. Alikuwa na maiki chache na saa chache, na wateja wake walipenda eko.

Dar es Salaam, wakati huohuo, vijana wasio na studio walitafuta njia nyingine. Wapiga mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, aina wanayochezea watoto, wakaviunganisha na amplifaya za zamani na spika za pembe, wakaongeza ngoma na maiki moja, wakakesha mitaani. Mkwaruzo wa vifaa vile duni ukawa ladha yenyewe ya muziki. Jagwa Music walifika nao hadi Ulaya, na albamu yao *Bongo Hotheads* ilitoka mwaka 2012. Nilipowatumia vijana wa Kibakwe video za mchiriku, mmoja alijibu, "Kwa hiyo hata mbovu inafaa?" Nikamwambia hapana. Wale walikijua kifaa chao mpaka ubovu wake ukawatii. Sisi tunanunua hata hatujui matundu yake yanahesabiwaje.

*

Miksa ilivyopungua mwili ni habari fupi, lakini ilinisaidia kuchagua. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, mashine ya mezani iliyounganisha miksa na kinasa cha kaseti chenye njia nne. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kurekodi sauti nne kila moja peke yake, chumbani kwake, halafu akazichanganya kwa wakati wake. Bruce Springsteen alirekodi albamu ya *Nebraska* nyumbani kwa mashine ya aina hiyo mwaka 1982. Mwaka 1991 kampuni ya Mackie ya Marekani ilitoa miksa ndogo ya chaneli 16, CR-1604, iliyowafaa watu wa bendi ndogo. Baadaye Behringer na Yamaha wakashusha bei na ukubwa mpaka miksa ikatosha kwenye kiganja.

Hata swichi iliyoandikwa 48V ina historia yake. Maiki za kondensa huhitaji umeme, nao hupitia waya uleule unaobeba sauti. Kwa nini volti 48? Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa ikitengeneza maiki za redio ya taifa ya Norwei, na inaelezwa kwamba majengo ya redio hiyo tayari yalikuwa na mfumo wa volti 48 wa taa za dharura. Maiki zikatengenezwa zifuate taa. Nchi yenye giza refu la baridi ikaamua namba iliyoko kwenye mashine inayouzwa leo Kariakoo. Maiki zetu ni zile za kawaida zisizohitaji umeme huo, kwa hiyo swichi hiyo sikuilipia akilini mwangu.

Kitu cha kwanza nilichojifunza dukani ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye miksa si idadi ya maiki. Behringer Xenyx 502 inahesabiwa kuwa na njia tano, lakini tundu la maiki ni moja. Xenyx 802 ina matundu mawili. Yamaha MG06 ina mawili, na MG10 ina manne. Zilizobaki ni njia za stirio, za kinanda au simu, na kila moja huhesabiwa mara mbili, kushoto na kulia. Ukinunua kwa kusoma namba iliyo usoni, utafika nyumbani na maiki za ziada zisizo na pa kuchomeka.

Cha pili ni umeme. Miksa hizo ndogo nyingi hutumia adapta ya aina yake. Ikiungua, chaja ya simu haisaidii, wala huwezi kuunga moja kwa moja betri ya bodaboda, kwa sababu adapta yenyewe hutoa umeme wa AC. Kwa watu wanaotegemea jenereta ya kuazima, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana mwanzoni niliipenda Yamaha AG06. Inakubali umeme wa USB wa volti 5, maana yake betri ya kuchajia simu inaiendesha. Ni nyepesi na inaingia begini na nafasi inabaki. Nilikaribia kabisa kuagiza. Kisha nikahesabu matundu: mawili. Nikawaza harusi ya Kibakwe. Tundu la kwanza ni la MC, hilo halina mjadala, MC asipopewa maiki hakuna harusi. La pili ni la kiongozi wa nyimbo. Waitikiaji sifuri, ngoma sifuri. Ningekuwa nimenunua kaseti ya mwaka 1997 kwa mara nyingine, safari hii ikiwa na USB.

Upande wa pili kulikuwa na Zoom L-8, iliyotoka mwaka 2019. Ina matundu sita ya maiki, inaweza kuendeshwa kwa betri nne ndogo za AA, na inarekodi kila chaneli peke yake kwenye kadi. Kwa mtu wa historia hicho ni kitu cha kuota. Sauti ya bibi ingehifadhiwa kwenye njia yake, na hata fundi akikosea jioni ile, mjukuu wa mjukuu angeweza kuipandisha baada ya miaka 50. Ilizidi mfuko wetu karibu mara mbili. Niliandika kwenye kundi kwamba tusubiri, tuchange tena baada ya kuuza vitunguu. Nilipigiwa simu na binamu yangu, ambaye ndiye angekaa kwenye mitambo.

"Dada, sikia," alisema. "Mwezi wa nane tuna harusi tatu. Tukipiga hizo tatu tunapata hela ya kununua hiyo yako. Tusipokuwa na kitu, wanaita watu wa Mpwapwa."

"Na rekodi?"

"Rekodi utafanya kwa simu. Wewe unataka ya makumbusho, sisi tunataka ya kazi."

Nilikasirika kidogo, kisha nikakumbuka kwamba bibi naye hakuwa amesema "tuhifadhiwe". Alisema "tusikike". Ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nimeugeuza ombi lake liwe somo langu. Wanahistoria tuna ugonjwa huo. Tunamtaka mtu abaki kwenye kadi kwa ajili ya wasomaji ambao hawajazaliwa, huku waliokaa naye kwenye turubai hawamsikii leo.

Tukanunua MG10 iliyotumika, matundu manne, na adapta yake halisi. Hela iliyobaki ilitosha nyaya mbili ndefu na maiki moja. Nilipanda nayo basi mpaka Mpwapwa nikiwa nimeipakata.

*

Kikundi cha bibi wamebaki watatu, na wanawake vijana wanne wamejiunga. Siku moja kabla ya harusi ya kwanza tulijaribu mitambo uwanjani kwa bibi. Binamu yangu alifanya kile ambacho kila fundi hufanya: akampa kiongozi maiki bora, akampandisha, akaweka ngoma maiki moja kwa mbali, kisha akauliza inayobaki aiweke wapi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama.

"Shikamoo bibi, tunaanza," nikamwambia.

"Marahaba. Hamjaanza," akasema. Akasimama, akawapanga. Alimwambia kiongozi arudi nyuma hatua tatu, kwa kuwa koo lake halihitaji msaada. Wawili wenye sauti za juu akawatenganisha. Yeye na mwenzake wa sauti ya chini wakasimama mbele ya maiki moja, karibu kabisa, kama watu wanaochungulia chungu kimoja. Halafu akamwambia binamu yangu, "Sasa zungusha hayo madude yako. Ila usiniwekee kisima." Alimaanisha eko.

Binamu yangu hakuweka eko kwenye chaneli ile. Alishusha ya kiongozi mpaka akalalamika, akamwambia, "Mama, unasikika mpaka Rubeho, tulia." Wakapiga. Niliweka simu yangu kwenye kiti cha plastiki, hatua moja kutoka kwa waitikiaji, nikairekodi vilevile, mono, kwa kifaa ambacho Tracey angekicheka.

Sitasema ilikuwa safi. Spika ilipiga mbinja mara mbili, jenereta ilisikika nyuma ya kila kitu, na jogoo aliitikia mahali ambapo hakualikwa. Lakini chini ya sauti zote palikuwa na sauti nyingine, nzito kidogo, iliyotembea polepole kuliko wenzake, na nilijua ni ya nani bila kuambiwa. Nina miaka 26. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia bibi yangu akiimba ndani ya wimbo kwa mashine.

Walipomaliza nikamchezea rekodi, simu imebanwa sikioni kwake. Nilitegemea atabasamu, labda alie. Nilikuwa tayari kulia naye. Alisikiliza akiwa amekunja uso. Ilipofika katikati ya wimbo wa pili akainua kidole nisimamishe.

"Hapo nimeachia mapema," akasema. "Miaka yote hii nawalaumu wenzangu, kumbe ni mimi." Akanirudishia simu, akawaita wenzake warudi kwenye mstari, na wakaanza upya.